Shamba Lisilo na Lumbesa

Rafiki zangu wakiniomba gemu ya kupumzisha kichwa, nawaelekeza shambani. Hawa ni watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi, wanashinda mbele ya kompyuta, wanarudi usiku, na kabla ya kulala wanataka kitu kisichowafokea. Gemu za bunduki zinawachosha, za mpira zinawagombanisha. Basi nawaambia: nunua Stardew Valley, ukalime. Wengi hucheka kwanza. Mmoja aliniuliza swali ambalo bado ninalo kichwani: "Wewe si umelikimbia jembe kwenu Mbozi? Leo unanishauri nitoe hela nikalime kwenye simu?"

Swali hilo linastahili jibu refu kidogo. Gemu za kilimo na maisha ya kijijini zina wachezaji wengi mno duniani. Stardew Valley peke yake imeuza nakala zaidi ya milioni 40 tangu itoke mwaka 2016. Wanaozipenda huzisifu kwa neno lile lile, kwamba zinatuliza. Kwa msomaji ambaye mama yake yuko shambani hivi sasa, neno hilo lina ugeni wake. Kilimo tunachokijua kina mengi, lakini hakitulizi. Kwa hiyo, kabla ya kupendekeza chochote, nataka kuangalia ni kitu gani hasa ndani ya gemu hizi kinachotuliza, na ili kipatikane ni nini kimeondolewa.

Asili ya gemu hizi ni kukumbuka kwao. Yasuhiro Wada alikulia kijijini nchini Japani kabla ya kuhamia Tokyo, na akiwa huko mjini ndipo alipoanza kuona thamani ya alikotoka. Mwaka 1996 ilitoka gemu yake, Bokujō Monogatari, ambayo Marekani na Ulaya waliijua kwa jina la Harvest Moon. Alitaka gemu isiyo na vita. Mchezaji anapewa shamba lililojaa magugu na mawe, na miaka miwili na nusu ya kulifufua kabla wazazi hawajarudi kuona kazi aliyoifanya. Ukiangalia vizuri, huo ni mtihani wa kijana yeyote aliyewahi kuachiwa nyumba.

Miaka ishirini baadaye, Mmarekani mmoja wa Seattle, Eric Barone, alitoa Stardew Valley. Alikuwa amemaliza chuo, hakuwa na kazi ya maana, akawa anasindikiza watazamaji vitini katika jumba la maonyesho huku usiku akitengeneza gemu. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka minne, peke yake: michoro, muziki, maandishi, programu, vyote vyake. Nalitaja hili kwa sababu linaonekana ndani ya kazi yenyewe. Stardew Valley ni gemu ya mtu aliyefanya kazi ndogo ndogo kila siku kwa muda mrefu bila kujua kama kuna atakayeinunua, na imejengwa juu ya matumaini kwamba kazi ya namna hiyo hulipa.

Inaendaje? Unaanza na vifaa chakavu, sarafu 500 na mbegu 15 za parsnip, mboga ya mizizi inayofanana na karoti nyeupe. Unafyeka, unalima, unapanda, unamwagilia. Siku inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa nane usiku, na siku nzima hiyo ni kama dakika 14 za saa yako ya mkononi. Kila majira yana siku 28. Baada ya siku nne parsnip zimekomaa. Kila moja unauza sarafu 35. Mbegu 15 zinakupa sarafu 525. Mbegu nyingine kwa Pierre ni sarafu 20. Hesabu yake mtoto wa darasa la tatu anaiweza, na faida ipo pale pale.

Utamu wa gemu upo hapa. Ukiuza parsnip moja, ni sarafu 35. Ukiuza elfu moja kwa mkupuo, kila moja ni sarafu 35. Bei haianguki kwa sababu kila mtu bondeni amevuna wiki hiyo hiyo. Kunguru wanaweza kukulia miche, lakini ukisimamisha sanamu la kuwatishia, eneo lake linakuwa salama. Mvua ikinyesha inakupunguzia kazi ya kumwagilia, na isiponyesha kisima kina maji. Televisheni inakutajia hali ya hewa ya kesho, na inasema kweli.

Nilimwonyesha mama gemu hii likizo moja. Msimu huo nilikuwa nimepanda mahindi, maana Stardew Valley ina mahindi pia. Alitazama nikivuna na kuyatia kwenye sanduku lililo kando ya nyumba, nikamweleza kwamba usiku wanapita kuyachukua. Hakushangazwa na picha wala muziki. Aliuliza, "Nani anapima?" Nikamwambia hakuna anayepima, yanahesabiwa moja moja. "Na asubuhi hela ipo?" Ipo. "Yote?" Yote. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hao wamestaarabika."

Wasiokulia kwenye mahindi wanahitaji kujua kwa nini aliuliza kuhusu kupima. Mnunuzi anapokuja kijijini, gunia lake halifungwi mdomoni. Linaongezewa kipande juu, linashonwa kwa kamba na kujazwa mpaka linakuwa na kichwa kama mtu aliyebeba mzigo. Hiyo ndiyo lumbesa. Inakatazwa kisheria, lakini mwezi ambao ada za shule zinadaiwa na barabara inakaribia kukatika kwa mvua, mkulima anaipokea bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia. Mama amepima mahindi ya namna hiyo miaka mingi. Alichokiona kwenye simu yangu, ambacho wahakiki wengi wa mbali hawakioni, ni kwamba hapo hakuna anayemwibia mkulima.

Kwangu hiki ndicho kinachotuliza. Kondoo, maua na muziki wa kinanda ni mapambo mazuri, lakini ukiyaweka kwenye gemu ambamo bei inaanguka siku unayovuna na viwavijeshi vinaingia usiku, hutapumzika. Stardew Valley inatuliza kwa sababu jasho na malipo vimefungwa pamoja kwa fundo lisilofunguka. Hata karani wa mjini anakitamani kitu hicho, kwa kuwa naye anafanya kazi mwezi mzima bila kujua kama mshahara utaingia tarehe iliyosemwa. Tunadhani tumetamani shamba, kumbe tumetamani haki, na shamba limekuwa mahali pepesi pa kuichora.

Liko jambo la pili lililoondolewa, na hili linanigusa zaidi. Gemu inaanza na babu kitandani. Anampa mjukuu barua iliyofungwa kwa lakiri na kumwambia asiifungue mpaka siku atakapolemewa na maisha. Miaka inapita, mjukuu anafanya kazi katika ofisi ya kampuni kubwa iitwayo Joja, anachoka, anafungua. Ndani kuna shamba. Anapanda basi, anafika, anapokewa na meya, anakabidhiwa nyumba. Basi.

Mara ya kwanza nilisubiri baba wadogo wajitokeze. Sikuona hata mmoja. Hakuna kikao cha ukoo, hakuna msimamizi wa mirathi, hakuna jirani aliyesogeza mpaka wakati mgonjwa yuko hospitali. Mwanzoni kabisa gemu inakuuliza kama mhusika wako ni wa kiume au wa kike, na jibu lako halibadilishi hata mraba mmoja wa ardhi utakayopewa. Tanzania Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki ardhi. Lakini Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo kwa ardhi ya ukoo linamweka binti nyuma, bado lina sauti katika vikao vingi. Babu yangu alipofariki, wajukuu wa kiume walionyeshwa mipaka. Sisi wa kike tuliambiwa kwamba kwetu ni kule tutakakoolewa, na aliyesema hivyo alisema kwa upendo kabisa, huku akinipakulia chakula.

Kwa hiyo yule aliyesema nimelikimbia jembe hakukosea sana, ila alisahau kwamba mtu hukimbia kilicho chake. Shamba pekee ambalo babu aliniandikia kwa barua liko kwenye simu yangu. Nimelipa jina la kijito cha kwetu. Wanaoziita gemu hizi za kitoto wafikirie ni wangapi kati ya wachezaji hao mamilioni wanalima pale ardhi wasiyoweza kuipata kwingine, kwa sababu ya jinsia, kwa sababu ya bei ya viwanja, au kwa sababu wamezaliwa katika ghorofa ya tisa.

Sitaki kuisifu Stardew Valley kupita kiasi, kwa maana ina mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni zuri: kijiji chake hakidanganyi kuhusu watu. Pam, aliyekuwa dereva wa basi, amezama kwenye pombe na anaishi katika trela na binti yake Penny, anayefundisha watoto. Shane anapanga bidhaa katika duka la Joja na kunywa kila jioni mpaka anafika ukingoni mwa kukata tamaa. Kent anarudi kutoka vitani mwaka wa pili na nyumba haimwenei tena. Linus anaishi kwenye hema na hataki uje umwokoe. Utulivu wa hapa una watu wenye majeraha ndani yake, na gemu inakutaka uwajue polepole, kwa zawadi na salamu za kila siku, kama mgeni yeyote anavyoingia kijijini.

La pili ni baya kidogo. Kampuni ya Joja inachorwa kama adui, nawe unaombwa ukarabati jumba la jamii badala ya kununua uanachama wao kwa sarafu 5,000. Lakini kufikia mwaka wa pili, mchezaji wa kawaida ana vinyunyizio vinavyomwagilia vyenyewe, mapipa ya mvinyo yaliyojaa mabanda, na daftari la hesabu ya faida kwa kila mche. Kile alichokikimbia ofisini amekijenga upya bondeni, na bosi ni yeye. Gemu haikulazimishi. Kiasi cha kazi unachagua mwenyewe, na siku nzima unaweza kuvua samaki. Ila inakupa kila nyenzo ya kujichosha, na sisi tuliozoea kupimwa tunazichukua mbio. Ushauri wangu kwa anayeanza: usitafute mtandaoni zao lenye faida kubwa. Panda unachopenda rangi yake. Babu anarudi mwanzoni mwa mwaka wa tatu kuangalia ulichofanya, lakini tofauti na ile gemu ya Wada, maisha yanaendelea baada ya hukumu yake, na unaweza kumwomba aangalie tena.

Anayetaka kupumzika zaidi ya hapo namwelekeza Animal Crossing: New Horizons ya Nintendo. Ilitoka tarehe 20 Machi 2020, dunia ikiwa inajifungia ndani kwa sababu ya korona, na watu wakatembeleana visiwani mle kwa kuwa hawakuweza kutembeleana mitaani. Mbegu ya mfululizo huu nayo ni upweke: Katsuya Eguchi alihama Chiba kwenda Kyoto kufanya kazi Nintendo, akaacha ndugu na marafiki, na baadaye akatengeneza gemu kuhusu kuhamia mahali usipomjua mtu. Saa yake ni saa yako. Ukifungua usiku, ni usiku. Huwezi kuiharakisha, na kwa watu wa haraka hilo ni tiba chungu.

Ndani yake kuna deni. Tom Nook, mnyama mfanyabiashara, anakujengea nyumba kwa mkopo wa kengele 98,000, ambazo ndizo fedha za kisiwani, na kila unapoipanua deni linakua. Watu wengi hufanya mzaha kwamba ni mnyonyaji. Mimi namwona kama ndoto. Mkopo wake hauna riba wala tarehe ya mwisho, na usipolipa mwaka mzima anakusalimu vizuri tu. Anayeijua mikopo ya kausha damu, au ile ya kwenye simu inayotuma ujumbe kwa majina yote uliyohifadhi ukichelewa siku mbili, ataelewa kwa nini deni la Nook linapumzisha. Hapa pia kilichoondolewa ndicho kinachotupa usingizi.

Waliotengeneza gemu hii wanalijua soko vizuri. Kila Jumapili asubuhi anapita msichana akiuza tanipu kwa kengele kati ya 90 na 110. Bei ya kuziuza tena inabadilika mara mbili kwa siku, na zikifika Jumapili inayofuata zinaoza. Kwa Kijapani neno kabu ni tanipu na pia ni hisa, kwa hiyo ni utani wa soko la hisa. Mtu wa Mbozi haoni utani wowote. Anaona wiki ya kawaida ya nyanya. Angalau hapa kucheza kamari hiyo ni hiari. Kasoro kubwa ya gemu hii ni kwamba inahitaji mashine ya Nintendo Switch, ambayo kwa wengi wetu ni mshahara wa zaidi ya mwezi. Kama huna rafiki wa kukuazima, usijisikie vibaya kuiacha.

Zipo za bure ambazo siwezi kukupendekezea. FarmVille ilipoanza Facebook mwaka 2009, ilipanga mazao yanyauke usiporudi kwa wakati, na watu waliamka usiku kuvuna vitunguu visivyolika. Tarehe 31 Desemba 2020 ilifungwa, na mashamba yote yakaondoka nayo. Hay Day, iliyotoka 2012, ni nzuri kuitazama na ngano yake inakomaa kwa dakika mbili, lakini kadiri unavyopanda ngazi ndivyo kusubiri kunavyorefuka, na almasi za kufupisha kusubiri zinauzwa kwa fedha halisi. Humo mkulima wa kweli ni kampuni, wewe ndiye zao. Stardew Valley kwenye simu unailipia mara moja, haina matangazo, na inachezeka bila intaneti. Bando likiisha, shamba linabaki.

Mbili za mwisho. Coral Island imetengenezwa Yogyakarta, Indonesia, na ilikamilika 2023. Ni kisiwa cha kitropiki, na pamoja na kulima unapiga mbizi kusafisha takataka na kufufua matumbawe. Mtu wa Tanga au Lamu ataipenda bahari yake. Hata hivyo, hata hapo mwaka una majira manne kama ya Ulaya, kwa vile aina hii ya gemu imeshazoea hivyo. Bado sijakutana na gemu yenye masika na vuli, ambamo mkulima anasimama mlangoni akitazama wingu na kujiuliza kama apande leo au asubiri. Natamani mmoja wa wasomaji wa makala haya aitengeneze. Akiitengeneza, asiondoe kila kitu kigumu. Aache kikao cha ukoo, aweke lumbesa, halafu ampe mchezaji uwezo wa kuikataa.

Ya pili ni Terra Nil, iliyotoka 2023 kutoka kwa Free Lives wa Cape Town, Afrika Kusini. Unapewa ardhi iliyokufa. Unaweka mitambo ya upepo, unasafisha sumu kwenye udongo, unarudisha majani, kisha kinamasi, msitu na wanyama. Ukimaliza inakuja kazi ambayo sijaiona kwenye gemu nyingine ya ujenzi: unabomoa kila ulichojenga, unapakia vyuma kwenye chombo chako cha angani, unaondoka. Hakuna mavuno wala sarafu. Ramani moja inaisha kwa jioni moja, na mwisho unaachiwa nafasi ya kutazama mvua ikinyesha mahali ambapo hapana jina lako.

Kwa hiyo, mwenye simu tu aanze na Stardew Valley. Aliye mbali na watu wake atafute kisiwa cha Nook kama anaweza. Aliyechoka hata na kumiliki aende Terra Nil. Na rafiki yangu aliyeuliza kuhusu jembe, jibu ni ndiyo, toa hela ukalime kwenye simu, halafu wikiendi ukipiga simu nyumbani uliza mwaka huu gunia wanalipima vipi.